Pumu Katika Chumba cha Ndama

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Sitaki mtu anisome huku anatembea. Najua wapo miongoni mwenu wanaoficha ile dawa ya kuvuta ndani ya soksi ili wenzao wasiione. Wapo walioambiwa, "Ukikua itakuacha," wakaitupa. Na wapo wasioumwa kitu, ila wanalala nyumba moja na anayeumwa, wanachoka kumsikia akikohoa. Wote nawaandikia.

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na kilichoniachisha ndicho hiki ninachokieleza. Kuandika nilikuja kujifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Kwa hiyo mambo ya mapafu yamekaaje msiniulize, daktari yupo. Nitasema nililoliishi.

Nilizaliwa upande wa Mtinko, kwenye vilima vya mawe, mwaka mmoja hivi kabla ya Uhuru. Uhuru ulinikuta mgongoni mwa mama, mikono yangu imefungwa vitambaa nisijikune. Ugonjwa ulianzia kwenye ngozi. Mashavu yalitoka upele, ukashuka kwenye viwiko na nyuma ya magoti, ukawa unatoa maji, ukikauka unapasuka. Mama alinipaka samli asubuhi na jioni. Kisimani wanawake walimhoji.

"Ulikula mayai una mimba yake?"

"Sikula."

"Hata moja?"

"Jamani, kuku wenyewe nilikuwa nao?"

Wakacheka, lakini ndoo zao walizisogeza mbali na mtoto wa upele, ndivyo mama alivyonisimulia. Huyo mtoto wa upele ni mimi.

Nilipoanza kutumwa kuni, ngozi ikatulia. Nyumbani walishangilia. Hawakujua kwamba ugonjwa umehama tu. Ulihamia puani. Tulipovuna uwele, majirani walikuja kusaidia kupura, wanaume kwa wanawake wamepanga mstari na fimbo zao, na vumbi la makapi likapanda juu. Mimi nilipiga chafya mpaka macho yakavimba yakafunga. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa mtu wa utani. Alikuwa akisimama na fimbo yake anapaza sauti, "Haya, mwita mvua ameanza! Piga tena, mtoto, labda mawingu yatasikia!" Watu walicheka na mimi nilicheka, kamasi zinanitiririka. Hakuna aliyeona ubaya.

Kisha mwaka mmoja, baada ya mavuno, kikaja kifua.

Watu hudhani mwenye pumu anakosa hewa ya kuingia. Mimi iliyonitesa ni ile iliyogoma kutoka. Nilivuta ikaingia, nikataka kuitoa ikakaa, nikavuta nyingine juu yake, mpaka kifua kikawa kama kibuyu kilichojaa kikazibwa. Mabega yalipanda masikioni. Nilishindwa kulala chali, nilishindwa kulala ubavu, nilikaa nimeshika magoti kama mzee anayeota jua. Na kifua kikalia. Nyumba nzima ilikisikia.

Hapo ndipo bibi aliponichukua.

Bibi huyu alikuwa mama yake baba, na nyumba ilikuwa yake. Ilikuwa tembe, paa la udongo lililo bapa, kuta nene, vyumba vya ndani havina dirisha. Chumba cha ndani kabisa kilikuwa cha ndama. Humo mliwaka moto wa samadi kavu ambao haukuzimwa, wa kufukuza wadudu, na moshi wake ulikuwa mzito, unakwenda chinichini. Bibi alilala humo na ndama wake. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa, hata wajukuu wa kiume.

Aliniingiza mimi. Muelewe vizuri, ile haikuwa adhabu, ilikuwa heshima. Bibi aliamini kifua kinaumwa kwa sababu ya baridi, na pale ndipo palipokuwa na joto kuliko popote. Tena alisema ndama ambaye hajaanza kula majani pumzi yake ni safi. "Huyu ndani yake mna maziwa matupu," alikuwa akiniambia, ananisogeza karibu na pua ya ndama mwekundu. "Vuta hapo, mjukuu wangu. Unavuta maziwa." Akanitandikia ngozi yake laini kuliko zote, akaziba tundu la chini ya mlango kwa matambara, akanifunika. Nilipozidiwa alichochea moto zaidi.

Hakuna mtu aliyenipenda kuliko yule mzee. Lijueni hilo kabla hamjamlaumu.

Tuliihesabu miaka kwa matibabu. Kuna mwaka wa mizizi, niliyotafunishwa mpaka ulimi ukafa ganzi. Kuna mwaka wa chale za wembe kifuani, alama zake ninazo. Halafu ikaja miaka ya zahanati. Baba alinipakia nyuma ya baiskeli, akanifunga mgongoni kwake kwa kaniki ya mama ili nisidondoke, mama akifuata kwa miguu. Milima ilipomshinda baba alishuka akasukuma, mimi nimelalia tandiko, nasikia anahema na mimi nahema.

Benchi la zahanati nalijua kuliko dawati la shule. Lilikuwa la mbao, limeng'arishwa na makalio ya wagonjwa. Nilijua kukaa mwisho, karibu na mlango, kwa sababu katikati palikuwa na joto la watu na harufu ya spiriti. Siku moja mama mmoja mwenye mapacha alinigeukia. "Huyu binti wako kameza zumari?"

"Kameza," mama akajibu. "Tunangoja alipige vizuri tumwoze kwa mpiga ngoma."

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka pumzi ikakatika, ikabidi nipitishwe mbele ya foleni. Mama mwenye mapacha akasema, "Basi kumbe nimekusaidia!" Akanishikia chupa ya maji mpaka nikaitwa. Mambo kama hayo ni madogo, lakini mgonjwa huyakumbuka.

Sindano ilifungua kifua haraka, moyo ukapiga mbio, mikono ikatetemeka hata kikombe mama alinishikia. Nilipewa na vidonge vyeupe vichungu vya kwenda navyo. Bwana mganga wa zahanati alikuwa mtu mzima, hana maneno mengi. Siku hiyo alimuuliza mama, "Mtoto analala wapi?"

"Analala pazuri."

"Pana moshi?"

"Hapana, bwana mganga."

"Pana wanyama?"

"Hapana."

"Maana wapo watoto ambao moshi na mifugo huwafunga kifua. Kama vipo, mtoe humo kwanza, halafu dawa."

"Nimesikia. Ahsante."

Nilimtazama mama. Njiani, baba ametangulia na baiskeli, nikamwambia, "Mama, lakini mimi nalala na ndama."

Alinishika sikio, si kwa nguvu. "Unataka nikamwambie nini mama mkwe? Kwamba nyumba yake inaua? Kwamba ngozi aliyokutandikia ni mbaya? Mimi niliyekuja kwenye nyumba hiyo sina hata chungu?" Kisha akaniachia. "Hili neno likae hapa hapa njiani. Usimwambie bibi yako."

Likakaa. Mama akaanza kunitoa kwa njia za kuzunguka. Mara nilale jikoni nimwamshe alfajiri, mara nimpelekee jirani mgonjwa uji, nilale huko huko. Bibi alinifuata kila mara. "Mnamtoa mtoto kwenye joto! Mnataka afe?" Wanawake hao wawili walitwanga kwenye kinu kimoja miaka yote bila kutukanana, lakini mimi nilikuwa katikati yao, nilijua.

Mwishowe mama alimwomba baba anipeleke Sepuka kwa shangazi nimsaidie kulea mtoto. Mume wa shangazi alikuwa mpishi wa shule, hawakuwa na mifugo, waliishi kwenye nyumba ya bati yenye madirisha. Nilikwenda baada ya mavuno, nimekonda, mabega juu. Nilikaa mpaka mvua zikakaribia. Huko nilikula nikashiba, nililala chali. Nilijifunza kuruka kamba, mimi niliyekuwa wa kuhesabia wenzangu. Baba alipokuja kunichukua nilimkimbilia njiani. Akanitazama, akatazama nyuma yangu, akauliza, "Mwenzio yuko wapi?" Hakunijua.

Nyumbani walinipokea kwa vigelegele. Bibi alinitandikia ngozi mpya. Hata wiki haikuisha, nikawa nimekaa tena nimeshika magoti, kifua kinalia.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia. Mtoto anaumwa kwao, anapelekwa mbali anapona, anarudi anaumwa. Leo ninyi mtauliza, kuna nini ndani ya nyumba ile? Kwetu waliuliza, yuko nani? Na aliyekuwa nyumbani, ambaye Sepuka hakuwepo, aliyekuwa akihangaika kumtoa mtoto kwenye chumba cha bibi yake, alikuwa mama.

Sijui nani alilitamka kwanza neno la uchawi. Nilisikia tu sauti zikishuka nikipita. Kisha siku moja, jua limepanda, baba mkubwa akaita kikao mbele ya nyumba. Wazee walikaa kwenye vigoda, bibi akakaa kwenye kizingiti chake, mama peke yake chini upande wa pili. Pembeni yake palikuwa na furushi. Alikuwa amelifunga mwenyewe. Mwanamke aliyeambiwa anamla mtoto wake hangoji kufukuzwa. Nami nililetwa nikalazwa mkekani ili wanione.

Baba mkubwa siku hiyo hakutania. "Mtoto akiwa na mama yake anakufa. Akiwa mbali naye anapona. Hata mchunga mbuzi anaweza kulitatua hilo."

Baba yangu aliangalia mikono yake.

"Shemeji," baba mkubwa akasema, "una neno?"

"Sina."

"Huna kabisa?"

"Mmeshasema. Nami nimenyamaza."

Niliona kwamba mama ataondoka. Neno moja tu lingemwokoa, na neno hilo lingemdhalilisha bibi mbele ya wanawe, na yeye hakutaka kulisema. Miaka yangu haikuzidi kumi na mitatu. Mtoto wa kike hakuzungumza kwenye kikao, na mimi hata pumzi ya kuzungumzia sikuwa nayo. Nilinyanyuka nikakaa.

"Ni," nikasema. Nikavuta. "Ndama."

"Anasemaje?"

"Ndama."

Mzee mmoja akacheka. "Ndama wanaroga siku hizi?"

"Sepuka," nikasema, "hakuna ndama. Hakuna moshi." Neno moja, napumzika, neno jingine. "Nikilala nao nabanwa. Bwana mganga alimuuliza mama. Mama akamficha. Ili bibi asiaibike."

Hakuna aliyecheka tena. Baba aliinua uso akamtazama mama, mama akamtazama bibi, na bibi alikuwa ananitazama mimi. Sijawahi kutazamwa vile tena maishani. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa msibani.

Akainuka, akaingia ndani. Tulikaa. Akatoka anaiburuta ile ngozi mpya, akaitupa juani. "Alale kipenuni huko nje," akasema. "Wala asinikanyagie tena chumba changu." Akarudi ndani.

Baba akaenda akalichukua furushi la mama akalirudisha ndani yeye mwenyewe, mwanamume mzima amebeba mzigo wa mkewe mbele ya wazee.

Msidhani tulifurahi. Kipenuni palikuwa na baridi, kipupwe kilinipiga, lakini kifua kilifunguka. Vumbi la uwele liliendelea kunivimbisha macho, na moshi wa jikoni ulinirudisha kwenye vidonge mara kwa mara. Ila sikufungwa tena mgongoni mwa baba. Bibi kwa muda mrefu hakuniita jina. Nilimsalimia "Shikamoo bibi" kila asubuhi, akaitikia "Marahaba" huku anatazama ng'ombe. Mama alimpikia, alimtekea maji, alimchania nywele. Wawili hao hawakulizungumza jambo lile hata siku moja.

Kisha ukaja wakati wa kuhamia vijijini. Tuliambiwa tutoke vilimani twende karibu na barabara, kwenye nyumba za mistari, tulime pamoja, tupate shule na maji. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine walipakiwa kwenye lori. Bibi alipakiwa. Ng'ombe waligawanywa kwa ndugu, na paa la tembe likabomolewa ili mtu asipate pa kurudi. Alikaa juu ya jiwe akatazama miti ya paa ikiporomoka mmoja mmoja mpaka vumbi likatulia.

Nyumba yetu mpya ilikuwa ya miti na nyasi, vyumba viwili, dirisha kila chumba. Upepo ulipita utakavyo. Wakubwa walilia kwa kukosa kuta nene, mimi nilipumua. Nilikuwa kwenye umri wa kuvunja ungo, ila mwili wangu ulichelewa. Wenzangu walishakuwa na maziwa, mimi nilikuwa na mbavu, kifua kimechomoza mbele kama cha njiwa. Mama mmoja jirani alimuuliza mama waziwazi, "Huyu atatwanga? Nani ataoa?" Mama akamjibu, "Kwani anaoa kinu?" Lakini nilimwona akinitazama nikiinua ndoo.

Masika ya kwanza yakapita bila sindano. Ya pili nikavunja ungo, nikarefuka ghafla, magauni yakaniishia magotini. Nilitwanga, nikapumzika, nikatwanga. Usiku nililala chali. Jioni moja nilikuwa napepeta nimeupa upepo mgongo, nimejifunga kitambaa puani, bibi akaja akasimama karibu yangu na fimbo yake.

"Kifua hakilii," akasema.

"Hakilii, bibi."

"Basi umepona. Nyumba yangu imekufa, wewe umepona."

Niliweka ungo chini, nikamshika mkono nikamrudisha ndani taratibu.

Hakuishi sana kijijini. Mwishoni kifua chake yeye ndicho kilichokataa, uzee na huzuni. Wanawake walitaka kumlaza wamfunike, wafunge madirisha. Niliwatoa. Nilimkalisha, nikajiweka nyuma yake aniegemee, dirisha wazi. "Bibi, usivute," nilimwambia sikioni. "Toa kwanza. Toa pole pole, kama unapoza uji." Akatoa. Akaniita jina langu, akatoa tena. Alikwenda hivyo hivyo amekaa, amenielemea.

Haya, vijana. Mkiambiwa pumu huisha ukikua, jibuni kwamba huenda ikapunguza kuja. Mimi iliniacha ujana wote, nikaolewa, nikavitupa vidonge kwa majivuno, na nilipobeba mimba ya tatu ikarudi ikanikuta sina kitu ndani. Nilipona kwa kubebwa kwa machela hadi hospitali ya misheni. Kwa hiyo dawa yako kaa nayo hata ukijisikia mzima. Tena isikuonee aibu hiyo chupa, wala wewe usiionee.

La mwisho ni hili. Mwaka juzi mjukuu wangu mdogo alianza na viwiko. Nilipoviona nilijua, sikusema, nilinunua mafuta. Kisha zikaja chafya, kisha mwaka huu kifua. Walikuwa wametoka kuvuna alizeti, na wameyapanga magunia chumba anacholala mtoto, mpaka dirishani, kwa kuogopa wezi. Nilikuja na fimbo yangu nikakuta mkwe wangu amekaa sakafuni na mtoto mapajani, analia bila sauti, na mwanangu amesimama mlangoni na ndugu zake.

"Mama, shikamoo. Afadhali umekuja," mwanangu akasema. "Kuna jambo. Watoto wa kaka wote wazima. Huyu tu. Sisi tunajiuliza, huko kwao mwanamke huyu, ukoo wake ni watu gani?"

Nilimtazama mkwe wangu. Kanga zake zilikuwa zimekunjwa kwenye kiti, moja juu ya nyingine.

Sikukaa wala sikuomba maji. Nilimwambia mpwa wangu mwenye pikipiki amchukue mama na mtoto, awapeleke hospitali sasa hivi, na awangoje huko huko. Nikamwambia mkwe wangu akirudi azikute kanga zake kabatini. Kisha nikamgeukia mwanangu, mwenye miaka arobaini na watoto wanne, nikampa amri ambayo nyumba ile haijaivunja mpaka leo: "Chumba cha mtoto hakiwekwi gunia. Yote yatoke kabla jua halijazama, na aliyetamka neno la ukoo ndiye atakayeyabeba, peke yake."